Kupima kache ya saraka kwenye Dovecot inayotumia LDAP

Juzi nilikaa na mwenzangu ambaye seva yake ya saraka ilikuwa ikielemewa kila asubuhi watu wanapofungua barua pepe, na kache (kumbukumbu ya majibu ya karibuni, ili saraka isiulizwe upya kila mara) alishaiwasha zamani. Haya ni ya Dovecot 2.3 (seva ya barua pepe) na OpenLDAP (seva ya saraka ya watumiaji, inayoulizwa kwa LDAP). Toleo la 2.4 la Dovecot limebadilisha uandishi wa vigeu (alama kama `%n`, jina la mtumiaji, zinazojazwa na taarifa za anayeingia), kwa hiyo huko usinakili tu.

1. Kache imewashwa?

`doveconf auth_cache_size`

Ikijibu 0, imezimwa. Hivyo ndivyo inavyokuja. Weka `10M`, kisha `doveadm reload`.

2. Omba takwimu

`pgrep -af dovecot/auth`

Chukua namba ya mchakato usio na `-w`, halafu:

`kill -USR2 NAMBA`

Kwenye logi tafuta `Authentication cache hits`, yaani uwiano wa maombi yaliyojibiwa na kache. Hesabu hurudi sifuri kila unapotuma ishara, basi tuma, subiri saa moja ya kazi, tuma tena, na usome majibu ya mara ya pili. Usije ukatuma HUP, utafuta kache yote. Mimi naiweka kwenye cron na kusoma logi. Sijaona sababu ya kusimika dashibodi kwa ajili ya mistari mitatu.

3. Uwiano ukiwa mdogo

Hapa ndipo mchana wetu ulipoishia. Mwenzangu alikuwa anaongeza ukubwa tu: 10M, 50M, 200M. Lakini mstari wa `current size` ulikuwa wazi kabisa kwamba kache haijajaa hata kidogo, na kache isiyojaa haiponi kwa kupanuliwa. Kilichotuzindua ni kwamba waliotumia webmail walijibiwa na kache vizuri, ila wenye simu karibu kila mara walipelekwa LDAP.

Dovecot hutunga ufunguo wa kache kutokana na vigeu vilivyomo kwenye ulizo lako. Fungua `dovecot-ldap.conf.ext` utazame `pass_filter` (ulizo la kumtafuta mtumiaji wakati wa kukagua nywila). Yake ilikuwa hivi:

`(&(uid=%n)(mtandaoRuhusiwa=%r))`

Hiyo `%r` ni anwani ya IP ya anayeingia. Webmail huja na anwani ileile siku zote; simu ikihama mtandao, mtumiaji yuleyule anahesabiwa mgeni. Ondoa `%r`, na kama unahitaji kubana mitandao, rudisha orodha yake kupitia `pass_attrs`:

`uid=user, userPassword=password, mtandaoRuhusiwa=allow_nets`

Dovecot itakagua anwani yenyewe baada ya kupata jibu, hata likitoka kwenye kache. Angalizo: kabla ya kubadilisha, hakikisha sifa hiyo ina mitandao iliyoandikwa sawasawa, la sivyo utawafungia watu nje. Kagua `user_filter` (ulizo la taarifa nyingine za mtumiaji) pia; sisi tuliisahau, tukazunguka nusu saa nyingine.

4. Hakiki upande wa LDAP

Weka `loglevel stats` kwenye slapd (seva yenyewe ya OpenLDAP), kisha hesabu mistari ya `SRCH base=`, yaani utafutaji uliofika LDAP, kwa saa moja, kabla na baada. Naiamini namba hii kuliko asilimia yoyote, maana ndiyo mzigo wenyewe.

5. Muda wa majibu ya "hayupo"

`auth_cache_negative_ttl` huja ikiwa saa 1. Aliyejaribu kuingia kabla hujamsajili ataendelea kukataliwa hata baada ya kusajiliwa. Napendelea dakika 5, wala siweki sifuri, kwa sababu wabahatishaji wa majina watarudi kuigonga LDAP moja kwa moja. Mtu mmoja akikwama:

`doveadm auth cache flush jina`