Somo: Kutu inakula nini kwenye chuma, na utapimaje kilichobaki

Wiki iliyopita nilikuwa napanda ngazi ya chuma nyuma ya nyumba, huku Kigamboni. Kipandio cha tatu, mguu ukapita. Rangi yake ilikuwa inang'aa, niliipaka mwenyewe kabla ya Ramadhani, juu ya kutu, kwa uvivu wa kusugua. Goti limepona. Somo ndilo hili.

Hatua ya 1: Jua adui. Kutu inahitaji vitu viwili kwa pamoja, maji na oksijeni. Kikikosekana kimoja, haianzi. Sisi wa pwani tuna cha tatu cha kuchochea, chumvi: unyevu wenye chumvi hupitisha umeme vizuri, na kuliwa kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Alumini nayo hushika oksijeni, ila ngozi yake hugandamana na kuifunika. Kutu hububujika na kubanduka, chuma kipya kikabaki wazi kuliwa tena.

Hatua ya 2: Jaribu kwa mkono. Chukua vipande viwili vya waya wa kufungia nondo. Kimoja kifunge kwenye mfuko mkavu. Kingine kilaze kwenye kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, kilowanishe kila siku kwa wiki tatu. Kisha kunja na kunjua pale pale, ukihesabu. Wangu mkavu ulinichosha. Ule wa chumvi ulikatika kabla sijamaliza vidole vya mkono mmoja, na pale ulipokatikia palikuwa na kishimo cheusi.

Kishimo hicho ndicho cha kuogopa. Mafundi wengi husema chuma chenye kutu "kimelainika". Hapana, chuma kilichobaki ndani ni kile kile. Kilichopungua ni unene, na mzigo wote sasa unajikusanya kwenye vishimo. Ndiyo maana nondo yenye vishimo inaweza kukatika ghafla badala ya kuvutika kwanza na kukupa onyo.

Hatua ya 3: Kwangua, ndipo upime. Gonga kwa nyundo, sugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, kisha weka kalipa, kile kifaa cha kubana na kusoma unene. Usipime juu ya kutu! Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo chuma kilichokonda huonekana kimenenepa.

Hatua ya 4: Piga hesabu. Nondo ya mm 12 ikiliwa mm 1 kuzunguka, inabaki mm 10. Mtu atasema, "Mbili tu." Lakini nguvu ya kuvutwa hufuata eneo la mkato, na eneo hilo hufuata kipenyo mara kipenyo: 10 × 10 ni 100, 12 × 12 ni 144. Umepoteza karibu asilimia 31. Bapa linalokanyagwa, yaani chuma tambarare cha kipandio, ni baya zaidi, maana ukakamavu wake (kukataa kupinda) hufuata unene × unene × unene. Bapa la mm 3 likibaki mm 2, ukakamavu wake haufiki hata theluthi ya mwanzo.

Hatua ya 5: Kilichobaki kikitosha, sugua, futa vumbi, piga redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku hiyo hiyo, kisha rangi ya mafuta. Kisipotosha, kata.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nondo zangu zimekaa saiti masika yote, zimekuwa rangi ya udongo. Nizitupe?*
Usizitupe kwanza. Kutu nyembamba isiyobanduka haizuii zege kushika nondo. Zile gamba gamba piga brashi. Ukiwa na shaka, kata mita moja upime uzito: nondo ya mm 12 inatakiwa iwe karibu gramu 888.

*Nguzo ya baraza ina ufa wa wima, fundi anasema tupige plasta yaishe.*
Hayataisha, dada. Ufa unaofuata nondo mara nyingi ni kutu inayovimba ndani na kulisukuma zege. Zege zima huilinda nondo, lakini chumvi huvunja ulinzi huo, na waliojengewa kwa mchanga wa baharini wanalijua hili. Mwite mhandisi aibandue aone nondo kabla ya plasta.

*Kwa nini nikichomelea geti la zamani umeme unasuasua?*
Kutu haipitishi umeme vizuri kama chuma kinavyopitisha. Sugua pale unapobana ethi, ule waya wa pili wa mashine. Hata sumaku hushika kutu kwa shida sana.

*Limau linaondoa kutu, kweli?*
Kweli, asidi yake huyeyusha kutu. Kishimo kinabaki kishimo. Suuza, kausha, paka rangi haraka.

*Na ngazi yako je?*
Nilimwambia fundi akate vipandio vyote sita. Alicheka, akasema naogopa. Viwili nilivyoviona vizima kabisa vilimvunjikia mkononi kabla hajawasha grenda.