Leza ya nguvu ndogo kwa mgonjwa wa neva: mpangilio ninaoufuata, kuanzia kipimo cha kwanza hadi zoezi

Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa fiziotherapia na matabibu ambao tayari wana mashine ya leza na wanahudumia watu waliopata kiharusi, wenye ganzi ya miguu ya kisukari, au wenye neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Nimeuandika baada ya kukaa na mwenzangu aliyelalamika kwamba mashine yake "haifanyi kazi". Mashine ilikuwa nzima. Dozi ndiyo iliyokuwa na tatizo, na ndiyo maana hatua ya nne ni ndefu kuliko nyingine zote.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu leza inaweza nini. Endre Mester alianza kuona athari zake mjini Budapest mwaka 1967, alipomulika panya walionyolewa na manyoya yao yakaota haraka. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba mwanga mwekundu na wa infraredi ya karibu hufyonzwa ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidezi, seli ikaongeza utengenezaji wa nishati na uvimbe ukatulia. Ushahidi wenye nguvu uko kwenye maumivu. Mapitio ya tafiti 16 za maumivu ya shingo, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2009, yalionyesha nafuu iliyodumu hadi wiki 22 baada ya tiba kuisha. Kumulika kichwa ili kuponya kiharusi ni habari nyingine. Majaribio ya NEST, yaliyofanywa kwa wagonjwa wa kiharusi, yalitumia mwanga wa nanomita 808 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) kupitia fuvu. La pili, lenye wagonjwa 660, halikufikia lengo lake, na la tatu lilisimamishwa njiani kwa sababu faida haikuonekana. Kwa mgonjwa wa kiharusi, mimi namulika bega linalouma ili mkono uweze kufanya mazoezi. Ubongo nauachia mazoezi yenyewe.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuwasha chochote

Chagua vipimo viwili au vitatu, uvirudie vilevile kila baada ya wiki mbili. Kwa miguu yenye ganzi natumia uzi wa nailoni wa gramu 10, unaobonyezwa kwenye unyayo kuona kama mgonjwa anauhisi, na muda wa kutembea mita 10. Kwa mkono wa kiharusi natumia kisanduku cha vibao, nikihesabu vibao vinavyovushwa kwa dakika moja. Maumivu yapimwe kwa namba 0 hadi 10, mgonjwa akiwa ametulia, kisha akiwa anafanya ile kazi inayomsumbua. Andika kwenye daftari la karatasi linalokaa kando ya kitanda. Nimeona programu za simu zikiachwa ndani ya wiki moja, lakini daftari hujazwa.

Hatua ya 2: Tafuta kinachoendelea kuiumiza neva

Hapa ndipo tiba ya kiutendaji inapoingia, ile inayouliza mwili ulifikaje hapo ulipo badala ya kuishia kwenye jina la ugonjwa. Kitu ninachokipenda zaidi ndani yake ni mstari wa maisha. Chukua karatasi, chora mstari, kisha mwombe mgonjwa aeleze magonjwa, upasuaji, dawa, mabadiliko ya usingizi na ya chakula kwa mpangilio wa miaka. Mara nyingi jibu hujitokeza penyewe: ganzi ilianza miaka kadhaa baada ya kuanza metformini, dawa ya kisukari inayojulikana kupunguza vitamini B12 mwilini.

Kisha mpeleke kwa daktari wake mkiwa na orodha fupi: sukari ya miezi mitatu (HbA1c), B12, homoni ya TSH (kipimo cha tezi ya shingo), picha kamili ya damu na kazi ya figo. B12 ikiwa katikati, si chini wala si juu, kipimo cha asidi ya methilimaloniki husaidia kuamua. Siungi mkono mafurushi ya vipimo vingi vya gharama kubwa ambavyo hakuna anayejua atafanya nini na majibu yake. Kipimo kisichobadilisha uamuzi hakina kazi kwa mgonjwa huyu.

Mwambie mgonjwa alete chupa zote za virutubisho anavyotumia, kisha usome lebo mwenyewe. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu husababisha ganzi ileile tunayojaribu kuitibu, na mara nyingi imo ndani ya vidonge viwili au vitatu tofauti ambavyo mgonjwa anavimeza kwa pamoja. Zinki nyingi hushusha shaba mwilini, na upungufu wa shaba huharibu uti wa mgongo kwa namna inayofanana na upungufu wa B12. Biotini ya nywele na kucha inaweza kupotosha vipimo vya tezi ya shingo, kwa hiyo maabara ijulishwe kabla damu haijatolewa.

Udhaifu mpya wa ghafla, kushindwa kuzuia mkojo, au ganzi ya eneo la makalio na sehemu za siri ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Leza isubiri.

Hatua ya 3: Usalama

Miwani ya kinga kwa wote waliomo chumbani, inayolingana na urefu wa wimbi wa mashine yako. Mwanga wa 808 hauonekani, hivyo jicho halipepesi kujikinga. Usimulike jicho, saratani iliyopo au inayoshukiwa, tumbo la mjamzito, wala tezi ya shingo moja kwa moja. Uliza kuhusu kifafa kama mashine yako inatoa mwanga mwekundu wa kudundadunda, yaani unaowaka na kuzima haraka, na kuhusu dawa zinazoifanya ngozi iathirike na mwanga, kama doksisaiklini na amiodaroni.

Hatua ya 4: Kokotoa dozi mwenyewe

Usitumie programu zilizomo ndani ya mashine mpaka ujue zinatoa nini. Hesabu yenyewe ni fupi: nishati kwa juli ni nguvu kwa wati mara muda kwa sekunde. Kalamu (kichwa cha leza kinachoshikwa mkononi) ya miliwati 100 ni wati 0.1, kwa hiyo sekunde 40 zinatoa juli 4. Jedwali la chama cha kimataifa cha tiba hii, WALT, linapendekeza angalau juli 4 kwa kila nukta, yaani kila sehemu ya ngozi inayoguswa na ncha, kwa leza za nanomita 780 hadi 860 kwenye neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, nukta mbili au tatu.

Sasa mitego, na mtego wa kwanza ndio uliotumalizia mchana mzima. Tafiti nyingi huandika dozi kwa juli kwa sentimita ya mraba, na mashine nyingi huonyesha hivyohivyo kwenye kioo. Hiyo si juli kwa nukta. Tuseme ncha ya kalamu ina eneo la sentimita ya mraba 0.1. Ukiiambia mashine itoe juli 4 kwa sentimita ya mraba, itatoa juli 0.4 tu, na kwa miliwati 100 itazima baada ya sekunde 4. Mwenzangu alikuwa akimulika sekunde 4 kila nukta akiamini anatoa juli 4. Mgonjwa alikuwa anapata sehemu moja ya kumi ya dozi. Kwa hiyo tafuta eneo la ncha kwenye kitabu cha mashine, ukokotoe njia zote mbili, na uandike zote mbili daftarini. Usipolipata eneo hilo, fanya kazi kwa juli kwa nukta peke yake.

Mtego wa pili ni mwanga wa kudunda. Leza za nanomita 904 hutangazwa kwa nguvu ya kilele, mathalani wati 25, nazo huonekana kubwa kuliko kalamu yako. Lakini kila mdundo hudumu nanosekunde 200 hivi. Zidisha: wati 25, mara nanosekunde 200, mara midundo 5,000 kwa sekunde, unapata wastani wa miliwati 25. Ukishusha midundo hadi 500 kwa sababu menyu inasema hiyo ni ya "maumivu sugu", wastani unashuka hadi miliwati 2.5, na muda unaohitajika unakua mara kumi. Kama mashine haijaongeza muda, umebadilisha dozi bila kujua. Jedwali la WALT lina safu yake ya 904, yenye juli chache zaidi kwa nukta, basi usihamishe namba za 808 kwenda huko. Kwa leza ya kawaida inayowaka na kuzima nusu kwa nusu, nguvu ni nusu, na muda ni mara mbili.

Mtego wa tatu: kichwa chenye taa nyingi. Miliwati 500 zilizoandikwa kwenye kichwa chenye taa tano ni miliwati 100 kwa kila taa. Gawanya kwanza.

Mtego wa nne ni kuamini lebo. Nguvu ya leza hushuka kadiri inavyozeeka, na ncha yenye mafuta ya ngozi hupunguza mwanga. Nunua mita ya nguvu inayofaa kwa urefu wa wimbi lako, upime mara kwa mara, na ukifunika ncha kwa nailoni kwa ajili ya usafi, pima ukiwa umeifunika hivyohivyo.

Wala usidhani kuongeza ni kuboresha. Dozi ndogo mno haifanyi kitu, ya kati inasaidia, kubwa mno inaweza kufuta faida. Mwongozo wa WALT unasema anza na namba ya jedwali, na uvimbe ukitulia punguza kwa asilimia 30.

Kuhusu mashine za nguvu kubwa, zile zinazozidi miliwati 500: kwa mgonjwa mwenye ganzi sizitumii kabisa. Zinapasha joto, na mtu asiyehisi hawezi kukuambia anaungua. Ngozi nyeusi hufyonza mwanga zaidi juujuu, hasa ule mwekundu, hivyo joto hupanda haraka zaidi. Chaguo langu ni kalamu ya 808, miliwati 100 hadi 200, ya kugusa ngozi.

Hatua ya 5: Mulika

Safisha ngozi, ondoa mafuta na krimu. Gusa kwa ncha ikiwa imesimama wima na bonyeza kidogo, usipeperushe mkono hewani. Kila siku kwa wiki mbili, au siku moja baada ya nyingine kwa wiki tatu hadi nne.

Hatua ya 6: Zoezi papo hapo

Mgonjwa asitoke kitandani moja kwa moja kwenda nyumbani. Maumivu yakishapungua, huo ndio wakati wa kurudiarudia mwendo, na kurudiarudia ndiko kunakoufundisha ubongo. Watafiti waliokaa kwenye vyumba vya utengamao wakihesabu walikuta mkono wa kiharusi ukifanya wastani wa marudio 32 tu ya kazi halisi kwa kikao. Ni machache mno. Hesabu kwa sauti na lenga mamia: kushika kikombe, kufungua kifungo, kuhamisha vibao.

Kama mgonjwa anaweza kuinua kifundo cha mkono uliodhoofika nyuzi 20 na vidole nyuzi 10, mfunge kiganja cha mkono usioathirika kwa glavu ili kilichodhoofika kilazimike kufanya kazi. Jaribio la EXCITE la mwaka 2006, lenye watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma, lilifanya hivyo kwa wiki mbili, glavu ikivaliwa asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, na mkono ukapata nafuu iliyodumu. Msimamie anapokuwa na hatari ya kuanguka. Asiye na mwendo wowote aanze na kioo, akitazama humo taswira ya mkono usioathirika ukisogea kana kwamba ndio uliodhoofika.

Kwa miguu yenye ganzi, fanya mizani: kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisha macho yamefumbwa, ukuta ukiwa karibu. Mweleze pia mwenye neva iliyokatika na kuunganishwa kwamba neva huota takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole ni miezi, na anayejua hilo mapema haachi mazoezi katikati.

Hatua ya 7: Amua

Usibadilishe vitu viwili katika wiki moja. Ukianza B12 na leza siku ileile, hutajua kipi kimefanya kazi. Upungufu uliothibitishwa utibiwe mara moja, leza ifuate baada ya vipimo vya wiki mbili. Ukimaliza duru ya leza na namba za daftari hazijasogea, angalia tena hesabu ya hatua ya nne. Kama hesabu ni sahihi, acha leza, endelea na mazoezi, na fedha za vikao vilivyobaki mgonjwa azitumie kwa kitu kingine.