Kabla hujalipia kozi ya usimamizi wa miradi

Kila Januari napigiwa simu na watoto wa ndugu na wa majirani: "Anko, nataka kusomea mambo ya miradi, nianzie wapi?" Nimechoka kurudia maneno yale yale, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja. Usome mpaka mwisho ndipo utoe hela.

Jua kwanza unakwenda kutafuta nini. Cheti cha kuhudhuria mafunzo ni kitu kimoja, cheti cha kufaulu mtihani ni kingine, na wauza kozi wanapenda sana ukivichanganya. PMP, cheti cha msimamizi wa miradi mwenye uzoefu, hutolewa na taasisi ya PMI ya Marekani kwa mtihani, na hata kuufanya huruhusiwi mpaka uonyeshe umeongoza miradi: miezi 36 kama una shahada, miezi 60 kama huna, pamoja na saa 35 za mafunzo. Ukishaipata, kila baada ya miaka 3 unatakiwa uihuishe. Kijana aliyemaliza chuo juzi akiambiwa "baada ya wiki 4 utakuwa na PMP", anadanganywa mchana kweupe. Wa umri huo aangalie CAPM, cheti cha wanaoanza cha PMI hiyo hiyo, ambacho hakidai uzoefu. PRINCE2, cheti na mfumo uliozaliwa Uingereza, inahusu zaidi namna ya kuuendesha mradi na nani aamue nini. Ni nzuri, lakini usiende kule ukitegemea kufundishwa kupanga ratiba.

Kompyuta uwe nayo, si simu. Programu ya kupanga ratiba si lazima ununue: ProjectLibre na GanttProject ni za bure na zinatosha kabisa kujifunzia. Primavera waachie wanaojenga reli na bandari, utaikuta huko huko.

Hesabu: kama asilimia zinakusumbua, zirudie wiki moja kabla ya kuanza. Utanishukuru.

Kuwa na kazi halisi mkononi. Usiingie darasani mikono mitupu ukategemea mfano wa kitabuni wa kujenga daraja ambalo hutalijenga. Kama huna mradi, umo kwenye kamati ya harusi. Nani hayumo? Ukumbi, kadi za michango, vikao, mpishi, sare. Hiyo ina tarehe isiyosogea, fedha isiyotosha na watu wasioshika ahadi. Mradi gani tena unautaka?

Sasa nije kwenye jambo lililoniumiza mimi.

Nilikuwa ndio kwanza nimetoka kwenye kozi ya wiki 6, cheti kina muhuri wa dhahabu. Shirika fulani likanichukua niwe msaidizi wa msimamizi kwenye ujenzi wa madarasa 2 na ofisi ya walimu, Mkuranga. Nikachora ratiba ambayo mpaka leo sijaona ya kuishinda kwa uzuri. Kazi 64, kila moja na mstari wake wa rangi, tarehe nimeziandika kwa mkono wangu moja moja. Nikaichapisha karatasi kubwa, nikaibandika ukutani stoo. Wageni wakija, wanapigia picha pale.

Mbao za kenchi, yaani fremu ya kubeba paa, zilikuwa zinatoka Mafinga. Zikachelewa siku 12. Meneja akanipigia: "Makabidhiano yanasogea mpaka lini?" Nikafungua kompyuta, nikausukuma mstari wa mbao mbele siku 12, nikashuka chini kabisa kuangalia mstari wa mwisho. Makabidhiano, 28 Mei. Pale pale! Nikamjibu kwa furaha: "Hayasogei, bosi." Naye akawaambia wazazi kwenye mkutano.

Hayakusogea kwa sababu sikuwa nimeiambia programu kwamba kazi hii inaisubiri ile. Mistari yangu 64 ilikuwa imelala kwenye karatasi kama watu 64 kwenye foleni wasiojuana. Na mabati ya rangi hukatwa kiwandani kwa urefu unaotaka, kwa hiyo huagizi mpaka kenchi zisimame na mtu apande na futi kamba kupima. Mbao zikichelewa, bati nazo zimechelewa, hata kama karatasi yako inasema tunaezeka tarehe 3 Machi.

Karatasi ilisema pia kwamba plasta inaanza tarehe 17, hivyo saruji mifuko 80 ikaletwa kwa wakati, kwa utii wote. Stoo ikajaa, iliyobaki tukaipanga ndani ya darasa lisilo na paa, turubai juu. Wiki ile ile masika ikaingia. Unaijua mvua ya Pwani, hainyeshi kwa adabu. Tulipofunua turubai, mifuko 43 ilikuwa mawe. Niliigonga mmoja mmoja kwa kipande cha nondo nikisikiliza mlio, kama anayechagua tikiti maji. Makabidhiano yalikuwa Julai.

Pale saiti kulikuwa na fundi mkuu, mzee wa Kizaramo, sote tukimwita Babu. Siku tunatupa ile mifuko akanitolea daftari lake la mistari, limekunjika, lina alama za vidole vya saruji. Hakuwa ameandika tarehe hata moja. Ameandika hivi: "Linta ikishakaza, kenchi. Kenchi zikishasimama, pima bati. Bati zikishafika, ezeka. Paa likishaziba, ndipo saruji ya plasta."

Hiyo "ikisha" ndiyo kozi nzima. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliwatumia wataalamu wa hesabu mwaka 1957 kuipanga kwa kompyuta. Babu alikuwa nayo mfukoni. Katika programu unaandika muda wa kila kazi, unaandika ipi inaisubiri ipi, kisha unaiacha programu yenyewe ihesabu tarehe. Tarehe unayoandika kwa mkono ni ya kuanza mradi tu, na zile zisizo hiari yako, kama siku shule inafunguliwa. Kusubiri nako ni muda: zege linamwagiliwa maji siku 7 na hakuna anayefanya kitu juu yake, siku hizo ziandike. Baada ya hapo utauona mnyororo mmoja mrefu kuliko mingine. Kazi zilizo kwenye mnyororo huo zikichelewa siku moja, mradi mzima umechelewa siku moja. Nyingine zina nafasi ya kupumua, usizipigie kelele.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, omba kukaa kipindi kimoja. Mwalimu akionyesha ratiba yake, nyoosha mkono: "Nikiichelewesha kazi ya tano, mstari wa mwisho utatembea?" Akifanya mbele yako na ukauona unatembea, lipa. Akianza kukuonyesha namna ya kubadilisha rangi, aga kwa heshima uende zako.

Muulize pia kama anafundisha kukadiria muda. Fundi ukimuuliza siku ngapi, atakujibu siku unazotaka kuzisikia. Muulize mara tatu: mambo yakienda vizuri sana, kwa kawaida, na yakiharibika. Akisema wiki 2, 3 na 7, unachukua 2, unajumlisha 3 mara nne, unajumlisha 7, unagawa kwa 6. Unapata wiki 3 na nusu. Si unabii, ila inashinda wiki 2 za kwenye simu.

Na kudhibiti kazi, ambako kozi nyingi hupitia mbio siku ya mwisho watu wakisubiri kupiga picha na vyeti. Tuseme bajeti ni milioni 40, na kufikia leo mlipanga kazi ya milioni 20 iwe imekamilika. Umetumia milioni 18. Bosi anatabasamu, tumeokoa 2. Pima kazi yenyewe: kilichosimama kina thamani ya milioni 14 kwa bei za bajeti. Basi hamjaokoa kitu. Mko nyuma ya ratiba na mnakula fedha kuliko kazi. Mkiendelea kwa mwendo huo (18 gawa kwa 14, mara 40) mtamaliza kwa zaidi ya milioni 51. Mtu akikwambia kazi imefika "asilimia 90", mwambie akuonyeshe.

Kama utakuwa kwenye miradi ya shule na zahanati ya fosi akaunti, yaani ujenzi unaosimamiwa na wenyewe kwa mafundi badala ya mkandarasi, kumbuka kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Vikao vyao ni kazi kama kazi nyingine, viandike kwenye ratiba na siku zake. Hakuna kikao, hakuna saini. Hakuna saini, hakuna nondo.

Mengine madogo madogo. Usilipe ada yote kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Anayejiita wakala wa PMI, mtafute kwenye tovuti ya PMI yenyewe. Usinunue maswali ya mtihani "yaliyovuja". Hifadhi nakala ya mpango wa kwanza kabla hujaanza kuubadilisha, maana mwezi wa tatu kila mtu atakuwa amesahau mliahidi nini. Saruji ipandishwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta. Bosi akitaka tarehe hapo hapo kwenye simu, mwambie utampigia jioni. Chaji kompyuta usiku, umeme wa asubuhi si wa kutegemea. Na nunua daftari la mistari.