Somo: Vitufe vya pembeni vya mausi vikopi na kupesti badala ya kibodi

Wakuu, somo hili ni la wale wanaoshinda kwenye Excel: wahasibu, wachapaji wa steshenari, waingiza data. Itazame mikono yako ikiwa kazini. Wa kulia unachagua seli, wa kushoto unaitafuta Ctrl na C. Wa kulia unahamia seli nyingine, wa kushoto unarudi kwenye Ctrl na V. Na kama huo wa kushoto umeshika risiti, kila safari inabidi uiweke chini.

Mausi nyingi za siku hizi zina vitufe viwili ubavuni, pale kidole gumba kinapokaa. Kazi yake ya kiwandani ni kurudi nyuma na kwenda mbele kwenye kivinjari. Ukiwa ndani ya Excel vimekaa bure tu, kwa hiyo tutavipa kazi.

Mipangilio ya Windows yenyewe inakuruhusu kubadilishana kitufe cha kulia na cha kushoto, basi. Logitech na Razer wana programu zao, lakini ni za mausi zao. Mwenye mausi ya Kariakoo isiyo na jina atumie programu iitwayo AutoHotkey: ni ya bure na haijali mausi imetoka wapi.

Hatua ya 1. Ingia autohotkey.com, pakua toleo la 2, uiweke kwenye kompyuta. Usiichukue kwenye tovuti nyingine hata kama Google imeitanguliza.

Hatua ya 2. Fungua Notepad, uandike hivi:

#Requires AutoHotkey v2.0

#HotIf WinActive("ahk_exe EXCEL.EXE")
XButton1::Send "^c"
XButton2::Send "^v"
MButton::Send "^;"
#HotIf

XButton1 ni kile cha kurudi nyuma, kwa kawaida ndicho kilicho karibu na kiganja. XButton2 ni cha mbele yake. MButton ni skroli ukiibonyeza. Alama ^ ni Ctrl, + ni Shift, ! ni Alt, na # ikiwa ndani ya alama za kunukuu ni kitufe cha Windows. Kwa hiyo kitufe cha nyuma kitakopi, cha mbele kitapesti, na skroli itaandika tarehe ya leo kwenye seli, maana Ctrl na nukta mkato ndiyo kazi yake Excel.

Mistari miwili ya #HotIf msiiruke, ndiyo roho ya somo. Inasema: fanya haya Excel ikiwa mbele tu. Bila hiyo, kivinjari kinapoteza kitufe cha kurudi nyuma. Na kuna baya zaidi: kwenye dirisha la amri, Ctrl+C bila kuchagua maandishi maana yake ni "simamisha kazi". Unagusa kitufe kwa bahati mbaya, faili zilizokuwa zinahamishwa zinaishia njiani.

Hatua ya 3. Hifadhi kwa jina kopi.ahk. Hapa wengi hunasa: pale "Save as type" chagua "All files", la sivyo Notepad itaipachika .txt mwishoni na faili haitafanya kazi.

Hatua ya 4. Libofye mara mbili. Chini kulia, karibu na saa, itatokea alama ya kijani yenye herufi H. Fungua Excel ujaribu. Kila ukibadilisha kitu kwenye faili, bofya hiyo H kwa kitufe cha kulia, kisha "Reload Script". Bila hivyo itaendelea na maagizo ya zamani.

Hatua ya 5. Bonyeza Windows+R, andika shell:startup, kisha weka njia ya mkato (shortcut) ya faili hilo kwenye folda itakayofunguka. Kompyuta ikiwaka, nalo linaamka.

Ukitaka Word pia, rudia fungu lote kwa WINWORD.EXE, ila mstari wa MButton uutoe. Chrome ni chrome.exe, na "^w" hufunga tabo. Lakini msijaze. Kazi mbili au tatu zinatosha. Gumba likianza kujiuliza kitufe gani kinafanya nini, bora urudi kwenye kibodi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimekopi maagizo mengine ya AutoHotkey mtandaoni, inaleta eror kwenye mstari wa Send.
Jibu: Bila shaka imeandikwa Send, ^c yenye mkato. Huo ni mtindo wa toleo la 1. Toleo la 2 halitaki mkato pale, na linataka alama za kunukuu.

Swali: Mausi yangu haina vitufe vya pembeni. Nimeachwa?
Jibu: Hujaachwa. Ndani ya lile fungu la Excel toa mistari ya XButton, weka hii:

RButton & WheelUp::Send "^c"
RButton & WheelDown::Send "^v"
RButton::Click "Right"

Unashikilia kitufe cha kulia, unazungusha skroli juu kukopi, chini kupesti. Zungusha pole pole, maana kila mkato wa skroli ni amri moja. Ukiipeleka kwa kasi utapesti mara tano. Mstari wa tatu unakuachia klik ya kulia ya kawaida, ila sasa itatokea unapoachia kitufe.

Swali: Kile kidogo nyuma ya skroli nacho nikiite XButton3?
Jibu: Hapana. Hicho mara nyingi ni cha DPI, cha kubadilisha kasi ya mshale. Kinafanya kazi ndani ya mausi yenyewe, Windows haipati habari zake. Kama kampuni iliyoitengeneza haina programu yake, kiache.

Swali: Nimebadilisha jina la programu nikaweka ya mahesabu ya ofisini. Vitufe vinagoma, Excel viko sawa.
Jibu: Angalia kama hiyo programu inafunguliwa kwa haki za msimamizi. Windows hairuhusu script (lile faili letu la maagizo) ya kawaida kuipelekea amri programu yenye haki za juu zaidi. Script nayo ifunguliwe kwa haki hizo hizo, na kama kompyuta ni ya kazini, ongea kwanza na watu wa IT.

Swali: Sisi wa Ubuntu je?
Jibu: AutoHotkey ni ya Windows. Tafuteni Input Remapper: unachagua mausi, unabonyeza kitufe, unaandika amri, na inakubali X11 na Wayland, ile mifumo miwili ya kuonyesha madirisha kwenye Linux. Mkikutana na maelekezo ya xbindkeys, hayo ni ya X11, ambako vitufe vya pembeni huwa namba 8 na 9.

Swali: Kwenye gemu naweza kutumia?
Jibu: Gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu, nyingine zinaihesabu AutoHotkey kama wizi na akaunti inafungiwa. Kabla ya kucheza, bofya ile H, chagua "Exit".