Kukata kona na pikipiki: bonyeza upande unaokwenda

Ikishavuka kilomita 20 hivi kwa saa, pikipiki haigeuki kwa kuzungushwa usukani. Inageuka kwa kulala, na kinachoilaza ni mkono. Ukitaka kwenda kushoto, sukuma upande wa kushoto wa usukani kwenda mbele. Kwa nukta moja tairi la mbele linaelekea kulia, linatoka chini ya uzito wako, na chombo kizima kinaangukia kushoto. Kikishalala, tairi hilohilo linajigeuza lenyewe kufuata kona. Kila dereva wa bodaboda anafanya hivi, wengi bila kujua. Hatari inakuja siku kona imebana: mtu anaogopa, anavuta usukani kuelekea kona, pikipiki inasimama wima na kunyoosha hadi mtaroni.

Kwa hiyo fundisha mkono kabla ya siku hiyo. Tafuta lami iliyonyooka, kavu, isiyo na magari, asubuhi mapema. Shika kilomita 30 hadi 40 kwa saa, legeza viwiko, fungua vidole vya mkono wa kushoto, uache kiganja tu kwenye mpira wa usukani. Bonyeza kidogo kwenda mbele, si chini. Usukani unazunguka, haushuki. Chombo kitalala kushoto papo hapo. Bonyeza kulia, kitainuka. Rudia pande zote mpaka usiwe na haja ya kufikiri. Ukiwa mwendo wa kutembea, mathalani unageuza kijiweni, kanuni hii haitumiki: hapo zungusha usukani unakokwenda, cheza na klachi, na breki ya nyuma iguse kidogo.

Mwendo ndio unaoamua chombo kilale kiasi gani. Chukua kona ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 30. Kwa kilomita 40 kwa saa pikipiki inalala nyuzi 23 hivi. Kwa 50 ni nyuzi 33. Kwa 60 ni nyuzi 43. Mwendo umeongezeka nusu tu, ulalo umekaribia mara mbili. Pikipiki nyingi za kazi huanza kukwaruza vikanyagio kabla ya kufika huko, na ukiwa na mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) au gunia, shokapu zimekaa chini, zinakwaruza mapema zaidi.

Ndiyo maana mwendo unapunguzwa kabla ya kona, chombo kikiwa wima. Breki zote mbili, gia moja chini, breki ziachwe, ndipo ulaze. Ukiwa ndani ya kona shikilia mafuta kidogo yasiyobadilika, uongeze taratibu unapoona mwisho wake. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu: ukiutumia wote kugeuka, hakuna uliobaki wa kufunga breki. Kukamata breki ya mbele ghafla chombo kikiwa kimelala kunaangusha watu kila msimu wa mvua.

Barabara ya mlimani ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni, mkoani Tanga, inafundisha haya yote, hasa kuteremka. Teremka na gia ya pili au ya tatu, injini ikushikie mwendo. Wanaoteremka fri, bila gia, ili kuokoa petroli wanazipa breki kazi yote. Zikipata moto zinalegea. Kona nyingi zimefichwa na ukingo wa mlima, kwa hiyo ingia kwa mwendo unaokuruhusu kusimama ndani ya kipande unachokiona. Kwenye kona ya kushoto kaa kulia kidogo mwa njia yako ili uone mbali, ushuke kushoto mwisho wake unapoonekana. Kona ya kulia inahitaji uangalifu zaidi. Tairi zako zinaweza kuwa ndani ya mstari wa kati huku kichwa kiko upande wa lori: kichwa kilicho mita 1.5 juu ya lami, chombo kikilala nyuzi 30, kinasogea sentimita 75. Weka tairi zaidi ya mita moja kutoka mstari wa kati.

Macho yaende unakotaka kutokea. Ukikodolea shimo, utaliingia.

Tanga mjini shida ni kipilefti. Unalala kushoto kuingia, kulia kuzunguka, kushoto tena kutoka, na dizeli inayomwagika kwenye matangi ya malori inabaki palepale yanapopinda. Doa jeusi linalong'aa, mchanga, majani mabichi: vipite ukiwa wima kadiri inavyowezekana, mwendo ukiwa umeshapunguzwa. Kwenye changarawe punguza zaidi, ulaze kidogo, breki ya mbele uiguse kwa kidole kimoja.

Abiria aangalie bega lako la upande wa kona na alale pamoja nawe. Akijinyoosha kinyume, utabonyeza zaidi kupata kona ileile. Mzigo mzito usikae nyuma kabisa ya keria. Unapunguza uzito wa tairi la mbele na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi.

Upepo upime tairi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha pikipiki yako. Tairi lililolegea linachelewa kuitika unapobonyeza, kisha linayumba. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole: ukikwama katikati kama kuna kijishimo, beringi za usukani zimekwisha, na chombo hicho hakitanyooka hata ukiwa fundi wa kona. Stendi ya pembeni iko kushoto. Ukiisahau chini, kwenye kona ya kwanza ya kushoto itagonga lami na kuinua tairi la nyuma.

Ukigundua umeingia na mwendo mkubwa, usiachie mafuta ghafla. Tazama mwisho wa kona, bonyeza zaidi upande huohuo. Mara nyingi chombo bado kina ulalo uliobaki kuliko ujasiri wako. Kama mbele kuna nafasi iliyonyooka na tupu, kiinue wima kwanza, kisha funga breki kwa nguvu.