Ukienda Japani: jinsi ya kuingia jinja (hekalu la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani) bila kujiaibisha

Watu wakifika Kyoto wanakimbilia jinja ya Fushimi Inari kupiga picha kwenye yale mageti mekundu, maelfu yamepangana mpaka juu mlimani, wanapita katikati kama wako sokoni. Kabla hujaenda soma hapa kwanza.

Lile geti linaitwa torii, ukilivuka ndo umeingia kwa wenyewe, kwa hiyo simama, inama kidogo, halafu tembea pembeni, katikati ya njia wanaachiwa kami, yaani wale wanaoabudiwa humo. Na kami usikimbilie kusema ni Mungu, maana mlima unaweza kuwa kami, mti, maporomoko ya maji, hata marehemu kama mfalme Meiji pale kwenye jinja yake, Meiji Jingu, Tokyo. Ukiona mti umefungwa kamba nene ya mabua ya mpunga na vikaratasi vyeupe, usiuegemee.

Kunawa ndo wengi wanaharibu. Utakuta hodhi la maji na kata za mpini mrefu. Shika kata kwa mkono wa kulia, chota mara moja tu, maji hayohayo yakutoshe: nawisha kushoto, hamisha kata nawisha kulia, irudishe kulia, mimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto usukutue (usiweke kata mdomoni jamani!! na usitemee ndani ya hodhi), nawisha kushoto tena, kisha isimamishe kata ili maji yaliyobaki yateremke kwenye mpini, anayekuja akute pasafi. Hapo ndo nilipowapenda. Waislamu mtasema mbona kama udhu, sawa, ila miguu hawaoshi.

Mbele ya jengo tupia sarafu kwenye boksi. Yen 5 ndo inapendwa, ile yenye tundu, kwao inatamkwa "goen", na goen ni pia ule uhusiano unaokukutanisha na mtu. Kama kuna kengele itikise. Inama mara 2, kweli kweli sio kutikisa kichwa, piga makofi 2, omba kimoyomoyo, inama 1. Kwenye jinja ya Izumo Taisha makofi ni 4, angalia wenzako.

Jinja ya Ise ndo yenye heshima kuliko zote, nyumba ya Amaterasu, kami wa jua, wanaijenga upya kila miaka 20, mara ya mwisho 2013. Ukifika kwenye zile ngazi za mawe simu iende mfukoni, picha hakuna. Juu utakuta pazia jeupe tu, la ndani hulioni, unainama hapohapo unashuka.