Kuendesha Hobie 16 kusi likichachamaa

Kusi likivuma pale Kilifi na mawimbi yashainuka, Hobie 16, ile boti ya matanga yenye mitumbwi miwili, inataka akili kuliko misuli. Kaza tanga kuu liwe bapa, laifjaketi mwilini. Upepo ukiwa ubavuni nyote rudini tezi, yaani nyuma, maana mtumbwi wa demanini (upande upepo unakoelekea) ukichimba omo, yaani pua yake, mnapinduka kwa mbele na hiyo inauma jamani, so ukiona maji yanapanda omo legeza demani (kamba ya tanga) fasta. Kubisha, yaani kugeuza omo ivuke upepo, ndo shughuli yenyewe, ngoja mwanya kati ya mawimbi, ingia na spidi, tanga dogo la mbele usilihamishe upande mapema, liache lisukume omo hadi ivuke upepo. Mkipinduka msiiachie boti, elekezeni omo kwenye upepo, simameni mtumbwi wa chini, vuteni kamba ya kuinulia boti mkiegemea nyuma.